Kabla hujataja idadi ya vitabu vya mwaka huu

Jumamosi ya kwanza ya mwaka tulizunguka viti vyote vya kikundi chetu cha kusoma, kila mtu akataja lengo lake la vitabu vya mwaka. 40. 52. 52 tena. Halafu mdogo wetu aliyekaa karibu na mlango, mwenye mtoto wa miezi saba na kazi ya zamu za usiku, akasema 100, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sikutaka kumvunja moyo mbele za watu, lakini usiku ule usingizi ulichelewa kuja, maana mwaka juzi nilikaa kwenye kiti kilekile nikapigiwa makofi yaleyale.

Haya basi ni ya kwenu mlioingia mwaka huu. Mengine mtayajua wenyewe mbele ya safari. Haya nisingependa myajue kwa njia niliyoyajulia mimi.

1. Hesabu kurasa kwanza.

Mimi ni mtu wa hesabu, nafunga vitabu vya hesabu vya duka la vitenge Kariakoo, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Tuseme riwaya moja ina kurasa 200. Vitabu 52 ni kurasa 10,400. Hizo ni karibu kurasa 29 kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo, siku ya msiba, siku ya kufunga mwezi na siku mtoto ameamka na homa. Kurasa 10 kwa siku zinakupa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 18. Kumi na vinane! Ukoo wetu ni mkubwa, tukikutana harusini tunajaza uwanja, na simjui hata mmoja ndani yake aliyesoma vitabu 18 kwa mwaka mmoja. Mimi mwaka jana nilisoma 14, na kila kimoja naweza kukusimulia tukiwa tumesimama kituoni.

Na wewe wa 100, mdogo wangu, anza na kurasa kumi. Ukiwa unanyonyesha, msomee mtoto kwa sauti. Zinahesabika.

2. Soma na penseli. Ukimaliza sura, andika sentensi moja kwa maneno yako mwenyewe.

3. Tafuta saa yako uilinde.

Yangu ni ya alfajiri. Natoka nyumbani mapema nikapandie daladala mwanzo wa ruti, Gongo la Mboto, kwa sababu ukipandia njiani siti hupati, na ukisimama mkono mmoja umeshika bomba na mwingine mkoba, kitabu utakishika na nini? Kuanzia Ukonga mpaka Tazara napata kurasa nane, foleni ikiwa nzito hata kumi na mbili. Mwaka jana nilikwenda hivyo na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, na siku moja konda aliniuliza ninasoma nini kila siku. Nikamweleza kwa kifupi: binti mdogo wa Kihindi, Zanzibar wakati wa Mwingereza, ameozwa mume mwenye umri wa baba yake. Basi. Tangu siku ile akifika kwenye siti yangu kudai nauli, noti zimekunjwa katikati ya vidole, anainama: "Dada, Yasmin amefikia wapi?" Ikawa lazima nisome, maana siku ambayo sikusoma sikuwa na la kumjibu. Tafuteni mtu wa namna hiyo. Si lazima awe msomaji.

4. Usikihesabu kitabu ambacho umekipitisha macho tu.

Hapa nitakaa.

Mwaka juzi lengo langu lilikuwa 52. Juni ilipokwisha nilikuwa na 19, na nilipaswa kuwa na 26. Julai nikaanza kufanya kile ambacho Jumamosi ile nilisikia wawili wenu mkinong'onezana: nikawa nachagua vitabu kwa unene. Nikiingia Maktaba Kuu pale Bibi Titi nilikuwa napitisha kidole kwenye rafu, na macho hayasomi jina, yanatafuta mgongo mwembamba. Tamthilia. Diwani. Riwaya fupi. Ndivyo nilivyoichukua Kusadikika ya Shaaban Robert. Nikaimaliza usiku mmoja, redio inaongea, maharage yako jikoni, nainuka kila baada ya kurasa mbili kuongeza maji. Nikaweka tiki. Namba 31.

Mnaijua hadithi yenyewe. Karama anashtakiwa kwa sababu ya kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi ya Kusadikika. Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huko wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Uzito wote wa kitabu umelala hapo: mtu mmoja yuko kizimbani, na utetezi wake ni habari za watu wengine. Mimi niliyekuwa nakimbilia tiki nikachanganya. Kichwani likabaki kwamba Karama naye ni mjumbe, alitumwa, akarudi, ndiyo maana kashtakiwa.

Septemba binti wa kaka yangu akaja kwangu likizo fupi. Yuko kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), bweni. Mwalimu amempa kila mmoja riwaya ya kuwasilisha darasani, na yeye kaangukiwa na hiyo hiyo. "Shangazi, si uliniambia umeisoma Kusadikika? Darasani nakala iko moja, zamu yangu haijafika." Alikuwa anamenya viazi. Tulikuwa na siku tano nzima mbele yetu. Ningeweza kumwambia, mwanangu, kesho nikitoka kazini napita maktaba, tuisome wote. Badala yake nikamsimulia, dakika ishirini, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaanza kuandika, na maji ya viazi yakaacha madoa kwenye daftari. Nikamwambia Karama ndiye mjumbe wa saba. Nikamwongezea na maana yake, kwamba mwandishi anatuonyesha msafiri anayerudi nyumbani na nuru. Akapiga mstari chini ya "mjumbe wa saba" mara mbili.

Akaenda akawasilisha. Ni mtoto anayejiamini, kwa hiyo hoja yake yote aliijenga juu ya mjumbe wa saba. Mwenzake wa dawati la mbele, aliyekuwa na kile kitabu mkononi, akasimama akasoma ukurasa mmoja, kisha wa pili, darasa likaanza kucheka. Mwalimu akamuuliza, "Wewe kitabu umekisoma?" Akajibu, "Nimesimuliwa na shangazi yangu, yeye amekisoma."

Hayo niliambiwa na mama yake, Desemba. Yeye mwenyewe hakunilaumu hata kwa jicho. Alikuja likizo, akaniamkia shikamoo shangazi kama kawaida, akanisaidia kufua, tukaenda wote sokoni Buguruni. Ila hakuniuliza tena habari ya kitabu chochote. Huyu ni mtoto ambaye tangu darasa la tatu alikuwa akinifuata na kitabu hata nikiwa bafuni, ananisomea maswali mlangoni. Wiki tatu nzima akawa anaongea nami habari za nywele na bei ya samaki.

Usiku wa kufunga mwaka nilikuwa na vitabu 47 kwenye orodha. Nilikaa na penseli nikavipitia kimoja kimoja, nikizungushia duara vile ninavyoweza kuvisimulia mwanzo hadi mwisho bila kumpotosha mtu. Nilipata 11. Vile 36 vingine, jamani, nilikuwa tayari kumsimulia yeyote ambaye angeuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko idadi yenyewe. Ukikisoma kitabu vibaya halafu ukanyamaza, hasara ni yako. Ukiweka tiki, watu watakuja kukuuliza, na atakayekuja kwanza ni mtoto anayekuamini.

5. Ruksa kuacha kitabu. Soma kurasa 50, kama hakiendi, andika ulikoishia na sababu, ukirudishe.

Nagona ya Kezilahabi niliiacha mara mbili. Ni kitabu chembamba, kilitoka 1990, na mwaka juzi ningekihesabu kwa jioni moja. Mwaka jana nilikifungua kwa mara ya tatu, kurasa tatu tatu, nikakaa nacho wiki sita. Kwa hiyo nikisikia tena mtu anasema "nimebakiza vyembamba tu, nitavimaliza wiki ya mwisho ya Desemba", nitamkatiza, na asinikasirikie.

6. PDF za kutumiana kwenye simu, acheni. Nasema kwa mapenzi lakini nasema kwa ukali. Mwandishi anayeandika Kiswahili anategemea nakala zinazouzwa, na zinazouzwa ni chache. Kama fedha hakuna, changeni watatu mnunue nakala moja, kila mmoja akae nayo wiki mbili. Wauza vitabu vya mitumba wa Posta wanapunguza bei ukienda jioni wakati wanafunga. Na Maktaba Kuu iko pale tangu 1967, viti vipo, kimya kipo.

7. Rudieni kitabu kimoja kila mwaka, na kiwe kile mlichokikosea.

Kabla binti wa kaka yangu hajarudi shule nilimwita chumbani nikamwambia, mwanangu, nilikudanganya, kile kitabu sikukisoma, nilikipita, nisamehe. Akatazama chini, akasema, "Yameisha, shangazi." Hayakuwa yameisha, nilimwona. Likizo ya Juni nikanunua nakala yetu wenyewe. Kila jioni baada ya chakula tulikaa kibarazani kwenye mkeka, yeye anasoma kwa sauti, mimi nimeshika penseli. Tulikwenda jioni tisa. Jioni za mwanzo alikuwa anasoma tu, akifika mwisho wa sura anafunga kitabu, tunaingia ndani kulala.

Tulipofika kwa mjumbe wa nne alisimama katikati ya sentensi. "Shangazi, hawa mbona wanaendelea kukubali kutumwa?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu Septemba ile. Sikuwa na jibu. Nikamwomba arudi nyuma mpaka kwa mjumbe wa kwanza, nikasogeza taa, tukaanza kutafuta.