Mke wangu kachomwa sindano ya kaswende, na mimi je?

SWALI: Dokta shikamoo. Mke wangu ana mimba ya miezi minne, juzi kaenda kliniki wakampima wakamkuta na kaswende, kachomwa sindano na kapewa karatasi eti niende na mimi. Sasa mimi sina dalili yoyote, ila miezi ya nyuma kuna kakidonda kalinitoka sehemu za siri, hakaumi, kakapona kenyewe. Si nimeze tu amoksilini ya dukani yaishe? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kesho asubuhi nenda na hiyo karatasi, tafadhali sana. Kakidonda unachokielezea ndivyo kaswende inavyoanza mara nyingi, hakaumi na kanakauka kenyewe wiki 3 mpaka 6, mtu anajua kapona kumbe wadudu wamebaki mwilini, baadaye vinaweza kuja vipele mpaka kwenye viganja na nyayo, navyo vinapotea, halafu kimya hata miaka huku inatafuna moyo, macho na ubongo.

Amoksilini ya kubahatisha achana nayo. Dawa yake ni sindano ya penisilini ya benzathini ya takoni, inauma kweli ila vumilia. Kama ugonjwa bado mchanga inatosha moja, kama umekaa muda mrefu au haijulikani ulianza lini basi ni moja kila wiki kwa wiki 3. Una aleji ya penisilini? Sema kabla hujachomwa, kuna vidonge vya doksisaiklini, ila mkeo hivyo havimfai kwa sababu ya mimba. Usiku wa kwanza ukipata homa na mwili kuuma usishtuke, hutokea na huisha, ila mkeo akiona tumbo linabana arudi hospitali hapohapo.

Usipotibiwa unaweza kumwambukiza tena, na hapo mimba inaweza kutoka au mtoto akafia tumboni, hilo ndio linaloniumiza maana linazuilika kabisa. Kwa hiyo msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dozi, zimepita siku 7 na vidonda vimekauka. Kondomu inasaidia lakini kidonda kilicho nje yake haikifuniki.

Kama kuna mwingine ulikuwa naye kipindi kile mwambie naye akapime, hata kama mlishaachana vibaya. Na nyumbani msigombane nani kaleta, kipimo hakisemi hilo.

Mkirudi kuangaliwa ombeni RPR, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dawa imefanya kazi, maana kile kipimo cha haraka cha kliniki kinaweza kusoma positivu maisha yote hata ukiwa umepona. Siku ya kujifungua wakumbusheni manesi ili mtoto naye achunguzwe.