Kosa la kiwandani au la mtaani?

Ukishajulikana hapa Mwanza kwamba unakusanya sarafu, wageni hawakatiki. Huyu ana senti ya tundu ya marehemu babu yake, yule kasikia Kirumba kwamba pesa ya Mjerumani inauzwa mamilioni. Wengi huniwekea mezani sarafu iliyopinda au kuchubuka wakidai ni "ya makosa". Nawauliza: kosa limetokea kiwandani au mtaani?

Kosa lenye thamani hutokea wakati sarafu inatengenezwa. Tazama senti 10 ya Afrika Mashariki. Tundu lake likikaa pembeni badala ya katikati, hapo kuna jambo. Likiwepo la pili, lenye kingo zilizovimba upande mmoja, hilo ni la msumari. Kuna mtu aliivaa shingoni. Muhuri wa kupigia ukipata ufa, sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa mtaani huzama. Inamisha sarafu dirishani, uitazame kwa lenzi, utaona tofauti.

Jaribio jingine halina gharama: shika shilingi ya 1966 juu na chini kwa vidole viwili, Nyerere akiwa wima, kisha izungushe kama mlango. Mwenge nao usimame wima. Ukilala ubavu, iweke kando uichunguze vizuri.

Heller 20 za Tabora za 1916, sarafu za Mjerumani, zina sheria zake. Vita vilikuwa vimewakatia Wajerumani njia ya kuleta pesa kutoka Ulaya, wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli. Picha kukaa upande au madini yake kuwa na mabaka ni hali yake ya kawaida, usimlipe mtu zaidi kwa hilo. Wakusanyaji hutofautisha ukubwa wa taji, ncha za herufi L, na kama ni shaba nyekundu au ya njano.

Kuhusu daraja, yaani hali ya sarafu, kipimo kinachotumika duniani ni cha Sheldon, 1 hadi 70, na kuanzia 60 ni sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu. Kwenye shilingi ya simba ya Afrika Mashariki, mimi huanza na manyoya ya shingo na ubavu, maana huko ndiko kunakolika mapema. Halafu mng'ao: ule wa asili hutembea juu ya sarafu ukiigeuza. Iliyosuguliwa kwa majivu, limau au dawa ya meno inawaka tu pale pale, na ukiikuza unaona mikwaruzo myembamba imelala upande mmoja. Afadhali nyeusi ya babu. (Wauzaji hawapendi kusikia hili.)

Na ukiambiwa shilingi hiyo ya simba ya 1952 ni ya fedha, kataa. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha, tena robo tu. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli.

Kwa unyevu huu wa ziwani, weka sarafu kwenye bahasha kavu za karatasi, si mifuko laini ya plastiki, na uzishike ukingoni.