Gari la Baba Linakula Oili, Nilitie Ipi?

SWALI: Ami Fundi, assalamu aleikum. Marehemu baba aliniachia Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, na saa inasoma kilomita 287,000. Nakaa Likoni na kazi yangu iko karibu na Marikiti, kwa hivyo navuka feri kila siku kwenda na kurudi. Siku za kwenda kwa bibi Msambweni ndizo gari hunyoosha miguu. Kwa mwezi natembea kama kilomita 800, na kila mwezi lazima niongeze nusu lita ya oili. Asubuhi nikiwasha hutoka moshi wa samawati kwa nusu dakika hivi, halafu unakatika. Baba alitia 20W-50 miaka yote. Fundi wa mtaani ananiambia niendelee nayo kwa sababu gari zee linataka oili nzito. Muuza duka anataka nitie 5W-30 sintetiki. Kakangu anaendesha lori, yeye ananiletea 15W-40 ya dizeli. Kila mtu na lake. Sitaki kuliua gari la baba mikononi mwangu.
– Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu baba.

Tuanze na moshi, maana umeueleza vizuri kuliko wengi wanaonijia na gari lenyewe. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi unaotoka asubuhi tu kisha ukakatika una maana yake: gari likilala, oili iliyobaki kwenye kichwa cha injini huteremka polepole kwenye mashina ya valvu, ikapita raba zilizokauka na kuingia ndani ya silenda. Unapowasha, inaungua na kwisha. Raba hizo ndizo sisi mafundi tunaita sili za valvu. Injini yako ina valvu 16, kwa hivyo sili ni 16, na kama hazijawahi kubadilishwa tangu mwaka 1998 basi zimekuwa ngumu kama plastiki. Zingekuwa ringi za pistoni ndizo zimekwisha, moshi ungekufuata mchana kutwa, hasa pale unapotoka kwenye feri na kukanyaga mafuta kuupanda ule mwinuko. Kesho ukipanda, tazama kioo cha nyuma. Ukiona hakuna kitu, shukuru.

Kwa hivyo hakuna chupa ya oili itakayouzima moshi huo. Oili nzito haiilainishi raba iliyokufa. Nasema hivi mapema kwa sababu naona watu wakipanda kutoka 30 hadi 40, kutoka 40 hadi 50, kisha wanatia na dawa juu yake, na sili ni zile zile.

Sasa namba za kwenye chupa. Zinatokana na kipimo cha SAE, chama cha wahandisi cha Marekani. Namba iliyo kabla ya W ni ya baridi, na baridi yenyewe ni ya kwao: oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Mombasa hata Julai, kusi likivuma, hatufiki huko. Namba ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa sababu inaeleza uzito wa oili ikiwa imechemka hadi nyuzi 100. Oili ya 30 huangukia kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo chao, ya 40 hufika 16.3, na ya 50 huenda hadi 21.9. Kutoka 40 hadi 50 ni hatua kubwa.

Baba yako hakukosea. Vitabu vya Toyota za miaka hiyo vilivyoandikwa kwa nchi za joto vina mchoro wa halijoto, na 20W-50 imo. Gari limefika kilomita 287,000, mwenyewe alilitunza. Lakini oili hiyo ina gharama yake alfajiri. Usiku kucha oili imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ukizungusha ufunguo, pampu inapaswa kuinyonya na kuisukuma hadi juu kwenye kamshafti, shafti zinazofungua valvu, na ikiwa nzito inachelewa. Fungua bonati asubuhi moja, umwambie mtu awashe wewe ukisikiliza. Utasikia kelele kavu za chuma juu ya injini, tak-tak-tak, kabla ya kutulia. Sekunde hizo ndizo hula injini kuliko safari nzima ya Msambweni.

Mimi ningekutilia 10W-40, ile ya nusu sintetiki, yenye herufi za API SN au SP, ambazo ni daraja za ubora za taasisi ya mafuta ya Marekani. SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020, na zote mbili zinafaa kwa injini ya zamani kama yako. Inapanda juu haraka kuliko 20W-50, na ikichemka bado ina mwili wa kutosha kwa beringi zilizolegea kidogo. Ukikuta chupa iliyoandikwa kuwa ni ya magari yaliyotembea kilomita nyingi, ichukue, kwa sababu nyingi huwa na kemikali ya kulainisha raba na kuzivimbisha kidogo. Usitarajie muujiza, lakini nimeona moshi ukipungua baada ya kubadilisha mara mbili.

5W-30 ya muuza duka si sumu. Ule uvumi kwamba sintetiki inatoboa injini kuukuu ni wa zamani. Shida yake kwako ni kwamba ni nyepesi, itapita kwenye sili hizo kwa wepesi zaidi, na utakuwa unanunua kitu cha bei kubwa ili ukichome. Siku sili zikibadilishwa, njoo tuizungumze upya.

Ya kakako, geuza chupa usome. Ikiwa na herufi ya C, ya dizeli, peke yake, kama CI-4, mwachie lori lake. Ikiwa na C na S pamoja, kama CI-4/SL, imepita vipimo vya injini za petroli pia, na 15W-40 ya namna hiyo itakufaa ukikosa 10W-40. Tena ni afadhali mara kumi kuliko oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa.

Na hapo nakuomba sana. Nunua chupa iliyofungwa, pete ya kifuniko ikiwa haijakatika, yenye alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama kuna namba ya kibali, unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajibiwa kama kibali ni cha bidhaa hiyo. Chupa ukiimaliza, itoboe kwa bisibisi kabla ya kuitupa. Chupa nzima zinaokotwa, zinajazwa tena na kuuzwa, na sijui ni injini ngapi nimezifungua nikakuta lami ndani.

Kuhusu feri. Saa ya kilomita haihesabu foleni. Ukikaa dakika 40 Likoni na AC ikiwaka, injini imefanya kazi dakika 40, bila upepo, na saa haijasogea. Kwa hivyo usisubiri kilomita 10,000 anazokuambia mtu mwenye gari jipya. Badilisha oili na filta pamoja kila kilomita 5,000 au miezi sita. Kwa mwendo wako vyote viwili vinafika karibu siku moja. Na foleni ikiwa haisogei kabisa, zima injini, fungua vioo.

Nusu lita kwa kilomita 800 bado iko ndani ya mpaka. Watengenezaji wengi wanahesabu lita moja kwa kilomita 1,000 ndiyo kikomo. Lakini hebu tuipime sawasawa. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika kumi oili ishuke. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa cheupe, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena. Tazama pande zote mbili za kijiti, uuamini upande unaoonyesha oili kidogo zaidi. Jaza hadi alama ya juu, isizidi hata kidogo, maana oili ikizidi krenki, shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, huipiga ikawa povu. Andika kilomita. Kisha uache kuongeza hadi ifike alama ya chini, huku ukipima kila Jumamosi. Kwa Toyota ndogo, kati ya alama mbili huwa karibu lita moja. Usiku mmoja tandaza katoni chini ya injini. Ikiamka na matone, sehemu ya oili unayodhani inaungua inavuja tu, pengine kwenye gasketi ya kava ya valvu, na hiyo ni kazi ya saa moja.

Kitu kingine cha bei ndogo: kwenye kava ya valvu kuna kivalvu kidogo kinachoingia kwenye mpira wa kunyonya mvuke wa injini. Kichomoe, kitikise karibu na sikio. Kikilia kizima. Kikinyamaza kimeziba, na kikiziba mvuke huisukuma oili itoke popote inapopata upenyo. Nimewahi kubadilisha hicho peke yake, gari likaacha kula oili.

Sili zenyewe, usikubali kuambiwa lazima kichwa kishuke. Fundi anayejua huingiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, akazungusha krenki taratibu hadi pistoni iibane kamba dhidi ya valvu zisianguke, kisha akabadilisha sili moja moja kutokea juu. Kamshafti lazima zitoke, kwa hivyo panga kazi hiyo na taimingi belti, ambayo kwa 5A hubadilishwa kila kilomita 100,000. Utalipa ufundi mara moja.

SWALI: Fundi, Probox yangu ya 2006 imetembea kilomita 341,000. Nikikwama kwenye foleni daraja la Nyali, taa nyekundu ya oili humemeta, nikikanyaga inazima. Fundi alinitilia dawa ya kunenepesha oili na taa ikaacha. Niendelee na dawa?
– Dereva, Mtwapa

JIBU: Usiendelee ndugu yangu, na gari lisitoke leo. Taa hiyo inaangalia presha, na inapowaka presha imeshuka karibu na sifuri. Mimi mwenyewe niliwahi kumfanyia mteja hivyo hivyo, miaka mingi iliyopita: 20W-50 na dawa, taa ikazima, akaondoka ameridhika nami nimeridhika. Wiki ya tatu beringi ya koni rodi iligonga akipanda kuelekea Mariakani, na injini ikawa vyuma chakavu. Taa ilikuwa inasema kweli, mimi ndiye niliyeizima. Tangu siku hiyo siigusi oili kabla ya kupima.

Kupima ni rahisi. Swichi ya taa inafunguliwa, geji inafungwa mahali pake, injini inachemshwa na kusomwa ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, kisha kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Geji ikisoma vizuri, mbovu ni swichi, na bei yake ni ndogo. Ikisoma chini, sampu inashushwa kwanza tutazame chujio la mdomo wa pampu, kwa sababu mara nyingi limezibwa na utope wa oili iliyokaa muda mrefu. Baada ya hapo ndipo pampu na beringi. Wala mtu asikusafishie injini kwa dawa ya kuzungusha kabla sampu haijashushwa. Utope ukibanduka wote kwa mpigo huenda kwenye chujio hilo hilo.

Mpaka ipimwe, panda matatu. Gari livutwe hadi gereji, na chupa ya hiyo dawa iletwe pamoja nalo ili fundi asome kilichomo.