Mtihani wa mtandao ngazi ya mwanzo: anza na anwani, matabaka saba yatakuja baadaye

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Kasulu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umebakiza wiki sita ufanye mtihani wa cheti cha mwanzo cha IT, matabaka saba ya OSI (kielelezo kinachogawa kazi za mtandao kwa ngazi) umeyakariri yote, lakini ukikutana na swali la "kompyuta haipati intaneti, utaanza wapi?" unakwama. Mimi nilifeli mara ya kwanza kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Kilichonifungua macho ni tukio la hapa Tabora mjini. Nilikuwa naangalia kompyuta saba za stesheneri moja. Asubuhi nikapigiwa simu kwamba neti imekata. Kufika, nakuta kompyuta tatu zinafungua tovuti vizuri, nne hazifungui kitu, na zote zimechomekwa kwenye swichi moja, taa zote zinawaka. Nikaandika ipconfig (amri ya Windows inayoonyesha anwani ya kompyuta) kwenye kompyuta inayofanya kazi: anwani 192.168.0.14, lango (ruta ya kutokea nje) 192.168.0.1. Nikahamia kwenye mojawapo ya zile zilizogoma: 192.168.1.103, lango 192.168.1.1. Nikashtuka, maana mtandao wa pale niliupanga mwenyewe na hiyo 192.168.1 sikuiweka.

Nikafuata waya mmoja mmoja kwa mkono hadi nyuma ya mashine ya fotokopi. Kumbe kijana wa dukani alileta ruta ndogo ya nyumbani apate waifai, akachomeka waya kwenye poti (tundu) ya LAN, ya mtandao wa ndani, badala ya WAN, ya kwenda nje. Ruta ile ikaanza kugawa anwani. Hiyo ndiyo DHCP: kompyuta ikiwaka inauliza mtandao mzima nani ataipa anwani, na kwa kawaida inachukua ya anayewahi kujibu. Zile nne zilijibiwa na ruta ngeni, ambayo yenyewe haikuwa na intaneti. Nikaichomoa, nikaandika ipconfig /release halafu ipconfig /renew ili zile nne ziachie anwani ya zamani na kuomba mpya, zikarudi zote. Ningekuta anwani inayoanza na 169.254 ningejua kitu kingine kabisa: hakuna aliyejibu, kompyuta imejipa anwani yenyewe. Hilo watunga mitihani wanalipenda sana, lishike.

Tangu siku ile nakwenda kwa mpangilio mmoja. Kwanza waya na taa. Kisha ipconfig. Kisha ping (amri ya kutuma ujumbe mdogo kuona kama utajibiwa) 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, kujua kama programu ya mtandao ndani ya kompyuta ni nzima. Kisha ping lango. Kisha ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Mwisho ping jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likagoma, tatizo ni DNS, yule anayegeuza majina kuwa namba. Ukitazama vizuri, hapo umepanda matabaka ya OSI kutoka chini kwenda juu bila kuyaimba.

Kwenye anwani usipite haraka. IPv4, aina ya anwani tuliyoiona hapo juu, ina biti 32 (kila biti ni 0 au 1), zimegawanywa mafungu manne ya biti nane. Chukua penseli, andika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Namba 168 ni 128 na 32 na 8, basi andika 10101000. Fanya hivyo kila siku hadi mkono uzoee. Ukiona /24 mwishoni mwa anwani, biti 24 za mwanzo ni za mtandao, zinabaki nane, yaani anwani 256, za kutumia 254. Ukiona /26, mitandao midogo inaanzia 0, 64, 128 na 192. Kwa hiyo 192.168.0.50 na 192.168.0.70 haziko mtandao mmoja hapo, haziwezi kuongea bila ruta.

Na ruta yenyewe? Wewe wa Kigoma unaijua stesheni ya Tabora, pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma. Mfanyakazi wa pale hahitaji kujua nyumba yako Kasulu. Anachotaka kujua ni kwamba mzigo huu unaelekea magharibi. Ruta nayo inasoma sehemu ya mtandao kwenye anwani, inasukuma paketi (kipande cha data) hatua moja mbele, basi.

TCP, njia mojawapo ya kutuma data, ni hodi. Unabisha (SYN), mwenyeji anakujibu karibu (SYN-ACK), unaitikia (ACK), ndipo mazungumzo yanaanza, na kila kilichopotea njiani kinatumwa tena. UDP, njia nyingine, haibishi hodi, inatuma tu, ndiyo maana inafaa kwa simu za sauti, ambako neno lililochelewa halina kazi tena. Poti (hapa ni namba za huduma, si matundu ya waya) kariri chache: 53 ya DNS, 80 ya HTTP (tovuti), 443 ya HTTPS (tovuti zenye usimbaji), 67 na 68 za DHCP, 22 ya SSH (kuingia kompyuta ya mbali).

Kama huna vifaa, jisajili Networking Academy ya Cisco upakue Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, bure. Jenga ile stesheneri yangu: swichi moja, kompyuta saba, ruta mbili zote zinagawa anwani. Iharibu, halafu uitengeneze.

Ukikwama, bandika hapa majibu yako ya ipconfig niyasome. Anwani za 192.168 hazina siri, maelfu ya nyumba zinatumia hizohizo, maana zilitengwa kwa mitandao ya ndani tangu miaka ya 1990.