Barua kwa mwanangu: kuku, uendelee au uache

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unasema darasa la ujasiriamali linawafundisha msikate tamaa, kanisani mnahimizwa muwe na imani, na huko Sakina, Arusha, kati ya vifaranga 100 wa nyama wamekufa 31. Unauliza uendelee au uache.

Endelea, ila kundi jipya lisiingie bandani kabla hujajua la kwanza lilikufa kwa nini. Tunamwomba Mungu yale yasiyo mikononi mwetu. Joto la banda na maji ya chanjo yamo mikononi mwako. Yesu mwenyewe aliuliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama, na naamini imani ya mfanyabiashara inaanzia hapo.

Umefanya vema sana kuandika tarehe za vifo. Wakifa siku tano za kwanza, angalia joto: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34, na baridi ya usiku wa Arusha mwezi Juni na Julai ni kali. Wakirundikana karibu na jiko wanasikia baridi. Wakilikimbia huku wakihema midomo wazi, umewazidishia. Jiko la mkaa lisiwake bila tundu la hewa juu ya ukuta, kwa sababu hewa yake yenye sumu haina harufu.

Lakini vifaranga wako 24 walikufa kati ya siku ya 22 na ya 28, wakiharisha kinyesi cheupe. Hiyo inafanana na Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku wachanga, nawe umeandika kwamba chanjo uliichanganya na maji ya bomba. Klorini iliyomo huua virusi hai vya chanjo kabla kifaranga hajanywa. Safari hii tumia maji safi ya kisima au ya mvua, na kila lita utie gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Wanyime maji saa moja hadi mbili kabla, kisha wamalize ya chanjo ndani ya saa mbili. Chupa itoke dukani ikiwa kwenye barafu, maana hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Chanja kideri siku ya 7, Gumboro ya 14, kisha kideri tena ya 21 na Gumboro ya 28, isipokuwa afisa mifugo wa kata akupe ratiba nyingine. Akifa mmoja, mpeleke maabara ya mifugo siku hiyohiyo wampasue. Kinyesi chenye damu na maranda yaliyolowa huashiria koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Sasa fedha. Umeuza 69 kwa shilingi 9,000 kila mmoja, umepata 621,000, ulitumia 760,000. Wakiishi wengi watakula zaidi, kila mmoja kilo tatu na nusu hadi nne mpaka wiki ya sita, kwa hiyo kundi la 100 lipangie 800,000. Ukigawanya kwa 9,000 unapata kuku 89. Vikizidi vifo 11 umeingia hasara. Wakifa 5 tu, faida ni 55,000. Ni ndogo, najua, lakini ni ya kweli.

Usikope VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kuziba pengo. Ingiza 70 kwa 560,000, zile 61,000 zitakazobaki ziwe za dharura. Na sadaka itoke kwenye faida, mtaji usiuguse.

Andika leo, kabla ya machungu mengine, kwamba utajaribu makundi mawili. Vifo vikishuka chini ya 5 kwa kila 100 na bado hupati kitu, ugonjwa si tatizo tena, tatizo ni bei au chakula. Hapo badili soko, au acha kuku bila aibu, imani yako haitapungua. Wauza chipsi na hoteli wakubali idadi na bei kabla hujanunua vifaranga, kwa kuwa broila akipita wiki ya sita anakula sana na kuongezeka kidogo.

Desemba ndugu wanarudi Kilimanjaro kwa Krismasi na kitoweo kinatafutwa kila nyumba. Vifaranga wakiingia tarehe 8 Novemba, wiki ya sita inatimia tarehe 20 Desemba. Weka oda mapema, wafugaji wengi wanaipigia hesabu sikukuu hiyohiyo.

Mama yako, Moshi