Faida kubwa ni maji, si nafasi

Ndugu, umeuliza kama kilimo cha ndani cha ghorofa, yaani kupanda mimea jengoni kwenye rafu zilizopangwa juu kwa juu, kinalishinda shamba kweli au ni maonyesho tu. Kwa mboga za majani kinashinda, na mimi naanza na maji.

Tazama Bustanica, shamba la aina hiyo la Dubai, lililofunguliwa 2022. Wenyewe wanasema wanavuna zaidi ya kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka, kwa maji pungufu kwa asilimia 95 kuliko shambani. Inawezekanaje? Ukimwagilia tuta, maji mengi yanazama au yanakaushwa na jua. Humo ndani mizizi ya letusi, myeupe kama nyuzi, inakaa kwenye maji yenye virutubisho. Yanayobaki yanarudi kwenye mzunguko, na hata mvuke unaotoka kwenye majani unakusanywa ukawa maji tena. Viwavi hawaingii, kwa hiyo hakuna dawa ya kupulizia. Kwa nchi ya jangwa, hilo ni jambo kubwa sana.

Shida ni umeme. Jua la bure unaliacha, unalipia taa za LED na vipoza hewa. Hata kampuni za kilimo hiki za Marekani zimeyumba: AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi 2023, Bowery ikafunga 2024. Na mahindi au mpunga usitarajie humo, haulipi.

Kama una uani mdogo tu, anza na gunia la udongo kama wanavyofanya Kibera, Nairobi: sukuma wiki juu na ubavuni, mawe katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yafike kila mahali.