Maswali yenu: Belinda, kioo chake, na yule jamaa mwenye mkasi

Toleo lililopita nilidokeza tu, tena kwa mistari miwili mitatu, kwamba washairi wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa wananga wakubwa wa wanaopenda kioo. Sikutegemea maswali yangekuwa mengi hivi. Nimechagua manne, mengine yanafanana, mtanisamehe.

"Shikamoo Mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa fasihi mwaka wa pili. Tumepewa shairi la Alexander Pope, The Rape of the Lock, lekchara kasema linakejeli majivuno ya wanawake, basi, akapita. Nikilisoma mwenyewe naona jamaa anamsifia yule dada mpaka anapitiliza. Sasa anamcheka au anamtamani? Alafu hilo neno kwenye jina la shairi linanikera."

Marahaba mwanangu. Lekchara wako hajakosea ila kakata kona. Pope anamcheka na anamtamani kwa pumzi moja, na ukiondoa kimojawapo shairi linakufa.

Tuanze na hilo jina. Kwa Kiingereza cha wakati ule neno lile, rape, ambalo leo tunalijua kama ubakaji, lilibeba pia maana yake ya zamani ya Kilatini, kunyakua kitu kwa nguvu, kwa hiyo jina zima ni kama kusema Kunyakuliwa kwa Kishungi cha Nywele. Lakini usidhani Pope alikuwa haijui maana nyingine, aliijua vizuri sana na anaichezea kila baada ya kurasa mbili. Kukereka kwako kuna msingi, kaa nako.

Kisa chenyewe kilitokea kweli. Kijana wa ukoo wa kikabaila, Lord Petre, alikata kishungi cha nywele za binti mmoja mrembo, Arabella Fermor, bila ruhusa yake, na familia mbili zikanuniana. Unaweza kusema khaa, nywele tu? Ila hizo zilikuwa familia za Kikatoliki kwenye nchi ambayo Mkatoliki haruhusiwi kushika ofisi ya serikali na kodi ya ardhi analipa maradufu, wako wachache, wanaoana wao kwa wao, sasa wachache nao wakigombana watamwozesha nani binti yao? Rafiki wa pande zote, John Caryll, akamwomba Pope, naye Mkatoliki, aandike kitu cha kuwachekesha yaishe. Akaandika, likatoka 1712 likiwa na sehemu mbili, 1714 akalipanua kuwa tano, akaongeza majini wadogo wa hewani wanaolinda mavazi na nywele za Belinda (ndiyo jina alilompa huyo binti kwenye shairi). Hamsini kati yao wamepangiwa kulinda sketi yake ya ndani peke yake. Hamsini! Kama wanalinda boma.

Sasa njoo kwenye meza ya kujipodoa, maana hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Belinda kaamka adhuhuri, kaamshwa na kijimbwa chake Shock kwa kumlamba. Anakaa mbele ya kioo, na Pope anaandika kama vile tuko kwenye ibada: kwenye kioo inatokea mungu wa kike, ambaye ni yeye mwenyewe, Belinda anainamia sura yake kama kuhani, na mtumishi wake kasimama pembeni ya madhabahu anatetemeka. Vikopo vinafunguliwa. Kimoja kinatoa vito vya India, kingine kinapumua harufu ya Arabuni nzima. Halafu kuna mstari ambao mi nikiusoma huwa nasimama kidogo: kasa na tembo wamekutana hapo mezani, wamegeuka vitana, kimoja cha madoadoa na kingine cheupe. Wanyama wawili wazima, mmoja wa baharini mmoja wa nchi kavu, wameishia kuchana nywele za binti mmoja! Ni kejeli hiyo, sawa, ila ni kejeli ya mtu ambaye macho yake hayabanduki pale mezani.

Na chini yake kidogo anaorodhesha vitu vilivyozagaa: sponji za poda, poda zenyewe, vidoti vya kubandika usoni, Biblia, barua za mapenzi. Biblia iko katikati hapo, tena kwa wingi, kati ya vidoti na barua za wapenzi, na Pope hasemi neno, anapita zake. Huo ndio ufundi wake. Hakuhubirii, anakupangia meza tu uone mwenyewe.

Mbinu yake nyingine, na hii itakusaidia kwenye mtihani, ni kumpa kitenzi kimoja mizigo miwili isiyolingana. Majini wanahofia leo litatokea balaa, hawajui ni lipi: huenda Belinda atatia doa heshima yake, au gauni lake jipya la zari. Atapoteza moyo dansini, au mkufu. Na baadaye kuna mayowe mpaka mbinguni kama yale wanawake wanayopiga pale anapokata roho mume, au kijimbwa. Mstari unakwenda mizani 10, miwili miwili inafungana kwa kina, kwa hiyo vile vitu viwili vinakaa kwenye mzani huohuo na sikio linakubali kabla akili haijashtuka. Lugha yote ni ya tenzi za vita vya Wagiriki, kujipodoa ndiyo shujaa kuvaa deraya, karata ndiyo vita, mkasi ndiyo upanga, na huyuhuyu Pope ndiye aliyekuja kuutafsiri utenzi wa Iliad kuanzia 1715, kwa hiyo alijua anachokiiga.

Kuhusu kumtamani, ongeza hili. Pope alikuwa mgonjwa tangu utotoni, kifua kikuu cha mifupa kiliupinda uti wake wa mgongo, alikuwa na urefu wa kama futi 4 na inchi 6 hivi, na maadui zake walimchora kama nyani. Mtu aliyenyimwa umbo ndiye kaandika lile la urembo linalong'aa kuliko yote ya karne ile. Sitaki kumfanyia saikolojia marehemu, nakutajia tu.

"Mbona wanaonangwa ni wanawake tu? Hao wanaume wa enzi hizo si ndio walikuwa na mawigi marefu na poda na viatu vya kisigino? Au majivuno yana jinsia?"

Dada swali hili nimelipenda. Soma tena shairi uangalie wanaume, hawajaachwa salama hata kidogo. Yule mkata nywele, Pope anamwita Baron, alfajiri kabla hajaenda kufanya ubaya wake anamjengea Mapenzi madhabahu kwa vitabu 12 vinene vya hadithi za mahaba za Kifaransa, juu yake kaweka kamba tatu za kufungia soksi, glavu nusu pea, na makumbusho mengine ya wapenzi wa zamani, kisha anawasha moto kwa barua za mapenzi na kusali apewe kile kishungi! Yaani Belinda ana madhabahu yake ya vipodozi na Baron ana yake ya soksi, tofauti yake huyu wa pili ana mkasi. Na yule Sir Plume anayetumwa kwenda kudai nywele zirudishwe, kitu anachojivunia maishani ni kikopo chake cha ugoro na fimbo yake, akifungua mdomo anatoa viapo na vipande vya maneno tu, hana sentensi.

Halafu mkasi wenyewe Baron alipewa na nani? Na mwanamke, Clarissa, wakati Belinda kainamia kahawa yake. Na huyo Clarissa, Pope alipolichapisha tena 1717 akampa hotuba ya busara: uzuri unapita, mvi zinakuja, kama kucheza dansi usiku kucha na kujipamba mchana kutwa kungefukuza ndui na uzee basi sote tungefanya hivyo, ila haiko hivyo, kwa hiyo tuwe na tabia njema. Wasomaji wengi hunyanyua hotuba hiyo wakasema haya ndiyo mafunzo ya shairi. Mi nawauliza, mafunzo gani haya yanayotolewa na mtu aliyekabidhi silaha? Na baada ya hotuba Pope anasema hakuna aliyepiga makofi, ugomvi ukaendelea, wakapigana kwa macho makali na ugoro.

Ndui lakini haikuwa mzaha. Lord Petre wa kweli alioa binti mwingine 1712, na 1713 ndui ikamuua.

"Nimesikia Jonathan Swift alikuwa mchafu kuliko wote na alichukia wanawake. Kweli?"

Swift, mshairi wa enzi hizohizo za Pope, ni mchafu, ndiyo, kalamu yake inanuka kabisa. Kuchukia, hapo tutabishana. Shairi lake la 1732, The Lady's Dressing Room, linaanza na Celia ambaye kamaliza masaa matano kujipamba, katoka zake. Mpenzi wake Strephon ananyemelea chumbani akague. Anakuta shimizi lenye madoa ya kwapa, vitana vimejaa jasho, mba, poda na risasi (ndiyo, madini ya risasi, weupe wa usoni wa siku hizo ulitengenezwa nayo na ni sumu), anakuta glavu za kulalia zilizoshonwa kwa ngozi ya mbwa wake mwenyewe aliyekufa. Anaendelea kufunua mpaka anafunua asichotakiwa kufunua, chombo cha haja, anakimbia analia kwamba ati Celia naye anakwenda haja kama watu!

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na wengi wanadhani Swift anasema hivyohivyo. Ila tazama nani anaadhibiwa. Celia hapatwi na chochote. Strephon ndiye anayelaaniwa, kuanzia siku ile kila mwanamke anayemwona pua yake inaleta uvundo. Na msimuliaji anamwonea huruma, anamwambia angeziba pua angefurahi kama mimi, aone mpangilio huu ulivyozaliwa na vurugu, aone maua haya yalivyochipua kwenye samadi. Aliyeingia chumba cha mtu bila hodi akakuta alichokikuta, wa kulaumiwa nani?

Lile jingine la 1734, la Corinna, ndilo linaloniuma. Huyo anauza mwili London, anapanda ngazi usiku wa manane hadi chumba cha juu, anavua nywele za bandia, anatoa jicho la kioo analifuta, anabandua nyusi zilizotengenezwa kwa ngozi ya panya na kuzilaza vizuri zisiharibike, anatoa vitu vya kujazia mashavu, kisha meno. Unaanza ukicheka, ila ukifika kwenye vidonda vyake na jinsi anavyoota kwamba anachapwa viboko na kupelekwa gerezani, kicheko kinakukwama. Sijui kama Swift alikusudia nikwame hapo. Mi nakwama.

Jibu kali zaidi kwa Swift lilitoka kwa mwanamke aliyemfahamu Pope vizuri, Lady Mary Wortley Montagu. 1734 akatoa shairi la kueleza "sababu" za Swift kuandika lile la chumba cha Celia: ati mzee alikwenda kwa mwanamke wa kulipia, mwili ukamgomea, akadai pesa yake irudi, mwanamke akakataa, basi akatishia atamwandikia shairi la kumwaibisha. Mwanamke akamjibu kwa kifupi, vizuri, andika, nitapata karatasi za chooni.

"Mwalimu, nina wikiendi moja tu. Nisome lipi, lisiwe refu?"

Basi achana na Pope kwa sasa. Soma la Lady Mary huyohuyo liitwalo Saturday. Mwezi Desemba 1715 ndui ilimkamata akiwa na miaka 26, akapona ila kope zilikwenda na uso ukabaki na makovu, naye alikuwa kati ya waliotajwa kwa uzuri pale ikulu. (Ndiye huyu aliyekwenda Uturuki, akaona wanavyochanja watu, akamchanja mwanawe 1718 na binti yake London 1721, madaktari wakanung'unika.) Kwenye shairi yuko Flavia, kalala kwenye kochi baada ya ugonjwa, anaaga vipodozi vyake na mapambo yake kimoja kimoja kama mtu anayeaga ndugu stesheni. Kuna kejeli humo, Flavia anajililia kupita kiasi na mwandishi anajua, ila sasa mwandishi mwenyewe ndiye aliyeketi kwenye kile kiti mbele ya meza.

Ukibakiwa na nusu saa, ongeza Dorinda at Her Glass, la Mary Leapor, msichana wa kazi za jikoni aliyefariki 1746 akiwa na miaka 24, likachapishwa miaka miwili baadaye. Mtu aliyewapikia matajiri anamwandika mwanamke mtu mzima anayejiangalia asubuhi na kuikuta mikunjo. Dorinda bado anakitazama kioo. Flavia anacho mkononi, kakigeuza kisogo.